Kwetu Hakuna Mgonjwa

Daktari aliuliza swali hilo akiwa ameinama anaandika, kama mtu anayeuliza umri au makazi. "Katika familia yenu, kuna aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili? Baba, mama, mjomba, bibi, yeyote?"

Tulikuwa watano katika chumba kidogo cha hospitali moja mjini Shinyanga: daktari mwenyewe, dada yangu mdogo ambaye ndiye alikuwa mgonjwa, mama yetu, mama mkwe wa dada, na mimi niliyesimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Mama hakungoja hata daktari amalize.

"Kwetu hakuna," alisema. "Tangu mababu, kwetu hakuna mgonjwa wa namna hiyo."

Daktari akaandika. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, akaridhika. Mimi nikaangalia kalenda iliyokuwa ukutani. Nilijua mama amesema uongo, nilijua na sababu yake, na nilinyamaza.

Dada alikuwa na duka la vitenge sokoni. Kwa majuma sita hakuwa amelifungua. Alikuwa analala akiwa ameelekea ukutani, haogi mpaka aogeshwe, mtoto wake wa miaka miwili akilia anamwangalia kama mtoto wa jirani. Alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa akaifunga uzi isidondoke. Daktari alimuuliza maswali mengi kwa sauti ya chini, dada akajibu mengine kwa kichwa tu. Mwishoni akaandikiwa vidonge vya kuondoa huzuni, ameze kimoja kila jioni, arudi baada ya mwezi. Kwa jinsi alivyoelezwa, daktari alifanya sawa. Hiyo ndiyo dawa ya huzuni ya namna ile, kama huzuni ni yenyewe peke yake.

Niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo nimekuwa utingo wa lori la pamba, nimepakia marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia, nimeendesha bodaboda, nimeuza betri za redio kwenye minada, na miaka ya karibuni nimekuwa nikichimba dhahabu Rwamgasa, huko Geita, nikitoka na kurudi. Sikai mahali. Lakini popote nilipo nasoma chochote kilichoandikwa, na karatasi inayokuja ndani ya kiboksi cha dawa sijawahi kuitupa kabla ya kuisoma pande zote mbili. Ya dada niliisoma nikiwa kwenye basi la kurudi Geita. Ilikuwa ya Kiingereza na maandishi madogo, nikamwomba mwalimu mmoja aliyekaa pembeni yangu anisaidie. Tulipofika kwenye sehemu ya tahadhari alinitafsiria kwamba mgonjwa ambaye yeye au ndugu zake wana historia ya ugonjwa wa kupanda na kushuka, daktari aambiwe kabla.

"Kupanda na kushuka kwa nini?" nikauliza.

"Kwa hali ya moyo," alisema mwalimu. "Leo juu, kesho chini. Wanauita bipola."

Nikaikunja ile karatasi. Nilimkumbuka mjomba.

Mjomba ni kaka wa mama, tumbo moja, baba mmoja. Nilipokuwa na miaka kama tisa, mwanzo wa mvua, alifunga maksai kwenye jembe la kukokotwa akalima shamba lake kwa siku mbili. Lilipokwisha akaingia la jirani, halafu la jirani wa jirani, bila kuombwa, akiimba, akiwafundisha watu namna mpya ya kupanda pamba ambayo alisema ameonyeshwa yeye peke yake. Alilima juma zima. Maksai mmoja alikufa akiwa bado kwenye nira. Baadaye, mvua ilipokolea na watu wote wako mashambani, yeye alikuwa amelala kwenye mkeka hataki hata uji. Walisema amerogwa kwa sababu ya bidii yake. Akapelekwa kwa waganga watatu, kisha Dodoma kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha nikasikia amehamia Masumbwe, na baada ya hapo jina lake halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Sababu ni posa. Kwetu Usukumani, ng'ombe wa mahari hawatoki zizini kwenda kuoa mpaka watu wametumwa kuuliza. Hawaji kwako. Wanakwenda kwa majirani, na hawasemi wamekuja kuuliza nini. Dada alipoanza kuchumbiwa, alikuja mzee mmoja akasema anatafuta ndama mwekundu aliyepotea. Alikaa kwa jirani yetu nusu siku, akanywa maji, akauliza habari za mvua na za bei ya pamba, na mwisho kabisa akauliza kama ukoo wa yule binti una kifafa, ukoma, uchawi au wendawazimu, upande wa baba na upande wa mama. Kijiji kizima kilijua hakuna ndama. Majirani walishaombwa mapema, nasi watoto tulishafundishwa tangu wadogo: mtu akikuuliza habari za mjomba, sema yuko Kahama, anafanya biashara.

Kwa hiyo mama alipokaa mbele ya daktari, na mama mkwe wa mwanawe yuko kiti cha pili, akasikia swali lilelile la mtu wa ndama, alijibu kama alivyozoea kujibu. Hakuwa amewahi kukutana na mtu wa aina nyingine anayeuliza jambo hilo.

Ningeweza kupiga simu siku ileile. Sikupiga. Nilijiambia kwamba daktari anajua kazi yake, na kwamba mjomba alirogwa, jambo ambalo sikuliamini tangu nikiwa na miaka kumi na tano.

Juma la tatu simu iliita nikiwa natoka kwenye duara, yaani shimo letu, uso mzima ni unga wa mawe. Alikuwa shemeji, mume wa dada. Ni fundi wa redio na simu, mtu asiye na maneno mengi.

"Dada yako amepona," alisema.

"Vizuri."

"Amepona kupita kiasi. Njoo."

Nilimkuta sokoni mchana. Duka lilikuwa wazi na rafu zilikuwa karibu tupu. Dada alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya njia, akiwagawia vitenge wanawake wanaopita, kila mmoja na maelezo yake kwa nini rangi hiyo ndiyo yake. Shemeji alikuwa akizunguka nyuma yake kuwafuata wale wanawake mmoja mmoja, akiwaomba wavirudishe kwa heshima. Wengine walirudisha. Dada aliponiona alikunja mikono kiunoni.

"Tazameni, mchimbaji wangu huyo. Amekuja na vumbi lote la Rwamgasa. Mkung'uteni hapo kwenye beseni, hatukosi gramu mbili."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa ya kuchekesha.

"Dada, jana umelala?"

"Kulala ni kwa watu wasio na mipango. Mimi ninayo kumi na minne. Nikuhesabie?"

"Nihesabie nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kwa yule mama mkwe anayehesabu vijiko? Mwambie vijiko vyake ninavyo vyote, nimevipeleka kanisani."

Ukimwangalia kwa mbali alikuwa mzuri kuliko nilivyomwona miaka mingi. Kwa karibu midomo ilikuwa imepasuka, sauti imekauka, na macho yanaruka kutoka kitu kimoja hadi kingine kabla hajamaliza neno. Shemeji aliniambia ana siku tano hajafunga jicho saa moja kamili. Siku moja kabla alikuwa amembeba mtoto mgongoni akaenda kusimama kwenye reli, akisema anataka kuzungumza na dereva wa treni. Hakutaka kufa. Alikuwa na ushauri wa kumpa.

Tulimfikisha hospitali kwa bajaji, mimi kushoto, shemeji kulia, yeye katikati akimwelekeza dereva njia. Alilazwa. Sindano ya kwanza haikumlaza, ya pili ndiyo ilimtuliza kidogo.

Mama alifika kesho yake asubuhi kutoka kijijini. Nilimpeleka nyuma ya jengo, penye kamba za kuanikia nguo, nikamwambia nitamweleza daktari habari za mjomba.

"Utamweleza nini?"

"Kwamba aliugua hivi hivi. Kulima lile juma, halafu mkeka."

"Kaka yangu alirogwa."

"Mayu."

Hilo ndilo neno letu la mama, na ninalitumia nikitaka anisikilize. Alipanga upya nguo ya mtu mwingine kwenye kamba.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "ng'ombe walitoka. Unajua maana yake. Mtoto yule ni wao. Wakijua ni damu yetu, watamrudisha dada yako kwangu, na mtoto atabaki kwao. Atapona akili, halafu atakaa kwangu bila mtoto. Utakuwa umemponya nini?"

Alikuwa amesema jambo la kweli. Watu wamerudishwa kwa machache kuliko hayo. Lakini mlango wa wodi ulikuwa wazi, na sauti ya dada ilikuwa ikitufikia, akiimba nyimbo tatu kwa wakati mmoja.

Nilimsubiri daktari mchana, peke yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, Kiswahili chake si cha kwetu, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi anakula viazi vitamu kwenye kibakuli cha plastiki. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote kwa mpigo. Aliacha kula.

"Kwa nini hamkusema?"

"Uliuliza mbele ya mkwe."

"Ni kweli," alisema. "Niliuliza mbele ya mkwe. Nina miaka minne hapa, nilipaswa kujua."

Kisha akanieleza, na kwa kuwa niliuliza sana, alieleza sana. Alisema mtu mwenye bipola akiwa chini hufanana kabisa na mwenye huzuni ya kawaida. Huwezi kuwatofautisha kwa kumwangalia. Kinachowatofautisha ni kama amewahi kupanda, na kama bado hajawahi, basi ni kama ndugu zake wamewahi. Ukimpa vidonge vya huzuni peke yake, bila dawa ya kumshikilia, wengine hawadhuriki, lakini wengine huruka juu kupita kiasi. Hakuweza kuapa kwamba vidonge ndivyo vilivyomrusha dada. Huenda angepanda tu. Lakini angejua habari za mjomba, asingeanza navyo.

"Kwa hiyo iko kwenye damu," nilisema.

"Iko kwenye vinasaba. Lakini usifikiri kuna kinasaba kimoja cha bipola, ambacho mjomba anacho na dada anacho. Viko vingi mno, kila kimoja kinasukuma kidogo sana. Mwingine anavyo vingi na haugui. Mwingine anavyo vichache, anapata msiba, anakosa usingizi, anajifungua, anaugua. Ndugu wa mgonjwa wana hatari zaidi kuliko watu wengine, lakini wengi wao hawaugui."

Nilimwambia kwamba Rwamgasa kuna mawe ya namna hiyo. Mgeni akija anatafuta donge la dhahabu kwenye jiwe, halioni, anasema jiwe ni bovu. Dhahabu imo, ila imetawanyika kama vumbi, hujui kiasi chake mpaka lipite kwenye karasha lisagwe lote. Alicheka, akasema hajawahi kusikia ikielezwa hivyo, lakini inakaribia.

"Sasa kipimo chake? Si mchukue damu mwangalie?"

"Hakuna kipimo cha damu cha kutuambia. Si hapa tu, hata huko kwenye mashine kubwa bado hawajafika. Kipimo tulicho nacho ni kuuliza." Akaokota kiazi chake, akakirudisha. "Mjomba wako bado yuko hai?"

"Nadhani."

"Anatumia dawa gani?"

Sikujua.

"Ukiweza kujua, nijulishe. Dawa iliyomkubali ndugu wa damu mara nyingine humkubali na mgonjwa. Haina uhakika, lakini ni mahali pa kuanzia, kuliko kubahatisha."

Nilipanda basi la kupitia Kahama asubuhi iliyofuata, nikashuka Masumbwe alasiri, nikaulizia fundi baiskeli mwenye asili ya Shinyanga. Mtu wa tatu alijua. Mjomba alikuwa na kibanda cha bati kando ya barabara, amepindua baiskeli magurudumu juu, anazibadilisha spoku. Amekuwa mnene kidogo, mvi zimeingia, na mikono inatetemeka kidogo, si kwa uzee. Pembeni yake palikuwa na dumu la maji la lita tano, akawa anakunywa kama mtu aliyetoka kuchunga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Alinitazama muda mrefu. "Wewe ni yule uliyekuwa unaniuliza kwa nini mwezi unatufuata."

"Ndiye."

"Umepata jibu?"

"Bado."

"Mimi nimelipata, lakini nilikuwa naumwa, siliamini." Akacheka peke yake. "Mama yako anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Nilifikiri hivyo. Dada yangu alishanizika zamani, bila jeneza. Harusi ya mwanawe nilisikia kwa mtu wa mabasi. Nikatuma mbuzi. Nasikia mbuzi alialikwa."

Nilimweleza habari za dada. Mikono yake iliacha spoku. Nilipofika kwenye reli alisimama, akaingia ndani, akarudi na madaftari sita ya shule yaliyofungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kwetu ndivyo ilivyo: unanunua daftari dukani, daktari anakuandikia humo, na hilo ndilo faili lako. Yake yalianza Dodoma na kuishia Mwanza, anakokwenda kila baada ya miezi mitatu. Alinionyesha mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, bila aibu. Dawa ya kwanza ilimfanya kama gunia. Ya pili ilimfanya atetemeke hata kijiko hakifiki mdomoni. Ya tatu ndiyo ilimkubali, na alikuwa nayo miaka yote hiyo. Lithiamu.

"Ni chumvi," alisema. "Wanaitoa kwenye mawe. Wewe mchimbaji, hukujua?"

Sikujua, na lazima niseme kwamba kwa dakika kadhaa nilisahau nilichofuata, nikawa namuuliza mawe gani, ya rangi gani, yanapatikana wapi. Alinijibu alichojua, kisha akanirudisha. Dawa hiyo inapimwa kwenye damu, alisema, kwa sababu ikizidi ni sumu na ikipungua ni bure. Usikae bila maji, usiache chumvi ghafla, ukiharisha wahi hospitali.

"Niazime hili la mwisho, mjomba. Nitalirudisha keshokutwa."

"Daftari halitoki humu." Alilifunga. "Nililipoteza mara moja. Daktari mgeni akanianzishia upya zile za zamani, nikakaa mwezi mzima nadondosha mate. Likitoka, linatoka nikiwa nimelishika."

"Basi twende wote."

Alilitazama dumu lake, akaitazama baiskeli ya mteja. "Mkwe atakuwepo?"

"Anashinda pale."

"Mama yako hatanisamehe."

"Hata mimi hatanisamehe," nilisema.

Alimaliza baiskeli ile kwanza, kwa sababu mteja alikuwa ameahidiwa.

Tulifika hospitali kesho yake saa nne hivi. Mama na mama mkwe walikuwa wameketi kwenye mkeka chini ya ukuta wa wodi, mtoto wa dada amelala kati yao. Mama alimwona kaka yake kutoka mbali. Alianza kusimama, akakaa tena. Mjomba alisimama hatua chache kutoka kwao, daftari kifuani, akaamkia kwa Kisukuma kama watu wazima wanavyoamkiana, kwa utaratibu wote, mpaka habari za mifugo. Mama mkwe aliitikia zote. Ni mwanamke mrefu, mfugaji, anayeangalia watu kama anavyoangalia mnyama mnadani, kwanza miguu halafu macho.

"Huyu ni nani?" alimuuliza mama.

Mama alikuwa ameshika ncha ya khanga yake. Nilidhani atasema ni jirani. Nafikiri hata yeye alidhani hivyo. Ndani, dada alianza tena kuimba.

"Kaka yangu," alisema mama. "Tumbo moja. Ndiye aliyeugua."

"Aliugua nini?"

"Hivyo unavyosikia huko ndani."

Mama mkwe hakumjibu. Alimgeukia mjomba, akaanza kumhoji, na hakuhoji kwa upole.

"Unalala?"

"Nalala. Tangu nianze dawa inayonifaa."

"Unakula?"

"Tumbo hili si la hewa, mama."

"Unachunga?"

"Ninao ng'ombe wanne na kibanda cha baiskeli."

"Unampiga mke?"

"Yeye ndiye ananipiga, nikisahau dawa."

"Umerudi tena kuugua?"

Mjomba alifikiri. "Mara moja. Niliacha dawa nikijiona nimepona. Nisingeacha, pengine nisingerudi."

Mama mkwe aliangalia ile mikono inayotetemeka. "Na hiyo?"

"Hiyo ni dawa. Ninaivumilia."

Mtoto aliamka, akatambaa mapajani kwa mama mkwe, naye akamfunika kwa khanga. Mimi nilikuwa naangalia mkono wake juu ya mgongo wa mtoto, kwa sababu neno lote la siku ile lilikuwa pale.

"Wewe," alimwambia mama, "ulinificha. Mzee wangu alikwenda kwenu, akazunguka nusu siku na kile kindama chake, mkamdanganya kijiji kizima. Mimi huyu mkwe wangu nimempeleka kwa mganga mara tatu nikijua amerogwa na mtu wa kwetu. Nimegombana na shemeji yangu, hatusalimiani mpaka leo, nikidhani ni yeye. Hilo litakaa kati yetu mimi na wewe."

"Ni haki yako," alisema mama.

"Lakini mtoto anahitaji mama yake, na mama yake anahitaji hiyo chumvi. Simrudishi. Nimrudishe niwe nalea huyu peke yangu, na miguu hii?"

Daktari alilisoma daftari la mjomba lote akiwa amesimama, akamuuliza mambo matatu manne, akanakili. Alitueleza kwamba dada haanzi dawa hiyo kesho. Kwanza wapime figo na tezi ya shingoni, wahakikishe hana mimba, na dada akishatulia aelezwe mwenyewe, achague. Akasema pia kwamba dawa kumkubali mjomba si ahadi kwamba itamkubali dada. Dawa haikuwepo pale, ikabidi aandikiwe barua ya Mwanza. Vidonge vya huzuni vilisimamishwa siku ileile niliyozungumza naye, na ile dawa ya kumtuliza iliendelea. Siku ya tisa dada aliniuliza, kwa sauti yake ya kawaida, kama ni kweli alipeleka vijiko kanisani. Nikamwambia ni kweli. Akafunika uso kwa shuka.

Baadaye, akiwa ameshaanza dawa na anaweza kukaa na kusikiliza, alimuuliza daktari swali ambalo sisi sote tulikuwa tunaliogopa.

"Mwanangu ataugua?"

"Sijui," alisema daktari. "Ana nafasi kubwa zaidi ya kutougua kuliko ya kuugua. Lakini ana hatari zaidi kuliko mtoto wa jirani. Akikua, ukimwona hali ya moyo inabadilika bila sababu, halali na hachoki, usimngoje. Mlete, na useme. Na ukitaka mtoto mwingine, njoo tuzungumze kabla, si baada."

Dada alikubali kwa kichwa. Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu? Huyu hajakaa mahali pamoja tangu tumfahamu."

Daktari aliniuliza maswali yale yale aliyomuuliza dada mara ya kwanza, na mengine zaidi. Nalala vipi, natumia fedha vipi nikiwa na furaha, nimewahi kupitisha siku bila kulala na nisichoke? Nilimjibu ukweli, hata yale ambayo sikuyafikiria kabla. Mwishoni alisema kutangatanga si ugonjwa, na udadisi si ugonjwa. Lakini mimi ni kaka wa tumbo moja na mgonjwa, na mpwa wa mgonjwa, na kazi yangu ni ya kukesha. Usingizi ukiniacha siku tatu na nisijali, nipande basi nije.

Mimi sikulichukulia kwa uzito mkubwa. Mama alilichukulia.

Sasa niko Rwamgasa tena. Dada amefungua duka, nusu ya rafu zimejaa. Mwezi uliopita alishuka kwa juma moja hivi, dozi ikaongezwa kidogo, akarudi. Mama mkwe ndiye anayetunza vidonge, kwenye kopo la majani ya chai, na humtazama akimeza mpaka afungue mdomo. Dada analalamika kwamba ameolewa na nesi. Mama mkwe na mama wanasalimiana kwa maneno machache. Ile habari ya ndama haijaisha.

Mjomba alikuja kijijini kwetu baada ya mavuno, akakaa siku mbili, na mama akamwita kwa jina lake mbele ya watu.

Kila asubuhi, kabla sijashuka shimoni, simu yangu inalia. Wenzangu wamezoea, wanaacha kuongea wasikie. Mama anaanza na habari za dada: amelala, amekula, amemeza. Kisha anapandisha sauti, kwa sababu mtandao wa huku ni dhaifu, na mashine za karasha zinaanza.

"Na wewe, ng'wanawane, umelala kwa saa ngapi?"

Namwambia. Akiona ni chache, anauliza kwa nini, na hakubali mpaka nieleze.